Kiti cha Vitalis

1

Mkono wa tatu wa Buku ulipiga pigo ambalo hakuna mtu aliyeliagiza.

Injinia Pelagia Nzowa aliliona kwenye kioo cha mtambo kabla ya kulisikia. Chini kabisa ya uwanda wa Ufipa, ndani ya mwamba uliokuwa moto kama jiko, mkono ule ulikuwa umekumbatia nguzo ya kuzuia dari, na mara ukaruka, nguzo ikalala, dari ikashuka na vumbi lake lote. Baada ya hapo ndipo mtikisiko ulipopanda juu, ukapita kwenye sakafu ya chumba cha waongozaji na kumgusa Pelagia nyayo.

"Toeni mikono," alisema. "Wote. Buku asimame."

Waongozaji sita waliokuwa wameketi kwa mstari wakafumbua macho. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walitazama viganja vyao tu, kila mmoja akijiuliza kama ni yeye. Hiyo ndiyo taabu ya kuungwa kwenye waya mmoja: jambo likiharibika watu sita wanajiona wakosaji kwa pamoja, na siku ya kusifiwa ni hivyo hivyo, wote sita wanavimba kichwa.

Buku alikuwa mashine wa mikono sita, mkubwa kama lori, aliyepewa jina la yule panya wa mashambani kwa kuwa alichimba vizuri na hakuwa na adabu. Akili ya mtu mmoja haikutosha kumwendesha. Akili za kompyuta zilijaribiwa zamani kwenye migodi mingine, na baada ya yaliyotokea huko, sheria ikakataza mashine yoyote kujiamulia mambo karibu na mtu aliye hai. Ndiyo maana kwenye Shimo la Heli, mgodi huu wa gesi ya heli, watu waliunganishwa. Kila mwongozaji alikuwa na tundu dogo la shaba kwenye kisogo. Waya uliingia hapo, ukatoka, ukaenda kwa jirani yake, mpaka sita wakawa kama mwili mmoja wenye mikono chini ya ardhi. Waya haukubeba maneno. Ulibeba mguso, uzito, woga, hasira, na ule ujuzi wa vidole unaolijua jiwe lililopasuka kabla halijaanguka.

Na nyuma ya mawe yaliyoporomoka alfajiri ile, ndani ya chumba cha pampu, walikuwamo mafundi tisa wakingoja. Hewa yao ingewafikisha jioni, si zaidi.

Meneja Lusambo alikuja akitembea taratibu, na waliomfahamu wakajua hali ni mbaya, maana siku za kawaida alikuwa mtu wa kukimbia huku na huku akifoka kwa ajili ya chai iliyopoa. Binti yake Editha alikuwa mmoja wa wale tisa. Alisimama nyuma ya Pelagia, akauliza kwa sauti ya chini kama Buku ameharibika.

Pelagia akamjibu kwamba Buku ni mzima wa afya. Akamwonyesha kioo. Kulikuwa na mstari, na kwenye mstari huo kila amri ilijitokeza kama kinundu. Nyuma ya kila kinundu kilikuja kingine, kidogo, chenye umbo lile lile.

"Kile kidogo ni cha nani?" Lusambo akauliza.

"Si cha mtu. Ni kile kile kikubwa, kimegonga mahali kikarudi."

Akamweleza kwa mfano wa kamba, kwa kuwa meneja alikuwa mtu wa hesabu za fedha na mambo ya mawimbi hakuyasomea. Mtoto akifunga kamba kwenye mlingoti na kuitikisa, wimbi litakwenda, litagonga mlingoti, litarudi mkononi mwake. Akiiacha ncha ikae huru, bila kufungwa popote, wimbi litarudi vilevile. Lakini akimpa mwenzake ashike ile ncha kwa mkono usio mgumu wala usio mlegevu, mkono unaokubaliana na kamba yenyewe, wimbi litafika pale na kuishia pale. Waya nao una ukinzani wake, na kila kinachofungwa juu yake lazima kilingane nao. Penye kulingana, amri inapita. Pasipo kulingana, sehemu yake inageuka na kurudi ilikotoka.

"Na siku zote hizi tulifanyaje kazi?"

"Polepole. Amri moja, kisha nyingine. Mwangwi ulikuwa unakufa kabla hatujatuma amri inayofuata. Leo mwamba hautungoji, tumefungua waya kwa kasi yake yote. Mwangwi wa amri ya kwanza unaiangukia amri ya pili, zinachanganyika, zinazaa ya tatu ambayo hakuna aliyeituma."

Lusambo akageuka polepole kutazama mstari wa viti. Hakuhitaji kuuliza mwangwi unatoka wapi. Vilikuwa viti saba, na watu walikuwa sita.

2

Kiti cha nne kilikuwa cha Vitalis Kapufi, aliyefariki kwa homa mwishoni mwa masika yaliyopita.

Shimo la Heli lilikuwa na desturi zake, na hii ilikuwa kubwa kuliko zote: marehemu hanyang'anywi kiti, na waya wake hauchomolewi. Mwongozaji mpya aliyeletwa, Zefrini, alitengenezewa kiti kipya mwishoni kabisa. Mafundi walikiruka kiti cha nne kwa kuuunga waya wa tatu na wa tano, na pale kwenye kiungo wakaliacha tawi. Hilo tawi ndilo waya wa Vitalis, ulioning'inia hadi kwenye mto wa kiti chake, ncha yake imevishwa kitambaa cheupe, haikuingia popote. Watu walipita pale wakiinamisha vichwa. Injinia gani angesimama katikati ya msiba aanze kuuliza waya ulioachwa wazi unafanya nini kwenye mawimbi? Pelagia hakuuliza.

Na tangu siku ya mazishi, waongozaji walianza kuhisi mtu. Kila waliposogeza mkono, mguso mdogo uliwafuata nyuma yake, kama mtu anayetembea nyayo kwa nyayo nyuma yako. Mzee anatufuata, walisema, na walisema kwa furaha. Gaudensia, mjane wake, aliketi kiti cha tatu, jirani kabisa na lile tawi, na yeye alimhisi kuliko wote. Baada ya mazishi alikuwa amekataa chakula mpaka nguo zikamwanguka mabegani. Alipomhisi mumewe kwenye waya, akaanza kula tena.

Sasa Gaudensia alikuwa ametoka nje kunywa maji na wenzake. Lusambo akafungua sanduku la vifaa, akatoa koleo, akaliweka mbele ya Pelagia.

"Kate," akasema. "Kate pale kwenye kiungo. Atakaporudi tutakuwa tumeanza kazi. Tutamwambia kesho."

"Meneja."

"Editha yuko chini, Pelagia. Sikuagizi. Nakuomba kama mzazi."

Pelagia akachukua koleo. Akaenda kwenye kiungo, akaingiza tawi katikati ya meno ya chuma. Ulikuwa waya mwembamba, na kazi yenyewe isingechukua hata muda wa kupiga chafya. Alikuwa akimfikiria Editha, aliyesoma naye darasa moja Sumbawanga, msichana wa kucheka kwa sauti mpaka mwalimu akamtoa nje. Kisha akamfikiria Gaudensia akiketi, akifumba macho, akisogeza mkono, na nyuma ya mkono huo pasiwe na mtu.

Kulikuwa na sababu ya kiinjinia ya kutokata, na ilikuwa sababu nzuri. Mwili wa mwongozaji ni sehemu ya waya. Mtu akishtuka, mishipa inajikaza, ukinzani wake unabadilika, na waya uliolingana tangu mwanzo hadi mwisho unapata ukuta katikati yake. Gaudensia akishtuka huku Buku ameshika dari, mwangwi mpya ungezaliwa pale pale, mbaya kuliko wa zamani. Pelagia angeweza kumwambia Lusambo hivyo tu na kumaliza maneno. Lakini hakupenda kujificha nyuma ya hesabu. Hata kama Gaudensia asingeshtuka, hata kama asingejua mpaka kufa kwake, jambo lile lingekuwa baya, na Pelagia alilijua kwa moyo wake kabla ya kulijua kwa kichwa.

Akaliachia koleo.

"Nikimwondolea mumewe nyuma ya mgongo wake," alisema, "nitamwambiaje aniamini na roho za watu tisa? Nipe muda mfupi nizungumze naye. Akikataa, nitaukata mbele ya macho yake, na lawama nitaibeba mimi."

Lusambo akaliokota koleo. Alitazama saa ya ukutani, akatazama kioo, ambapo taa tisa ndogo za wale waliofungiwa zilikuwa bado zinawaka. Halafu akaketi kwenye ngazi.

"Nenda," akasema. "Fanya haraka."

3

Gaudensia alikuwa amesimama kwenye tangi la maji akinawa uso. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye mikono ya kazi na ulimi wa kazi vilevile. Hapakuwa na mtu pale Shimoni ambaye hakuwahi kuuonja. Pelagia akamwamkia tena, ingawa walikwisha kuamkiana, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

"Marahaba. Sema, mwanangu. Uso wako unasema kabla yako."

Pelagia hakuuma maneno. Alimweleza juu ya vinundu, juu ya kamba, juu ya ncha iliyoachwa wazi. Alieleza vibaya, akirudia rudia, na mwishowe akafika mahali ambapo hapakuwa na njia ya kuzunguka.

"Anayekufuata kwenye waya si mzee, mama. Ni wewe mwenyewe. Unachokituma kinafika kwenye kiti chake, kinakosa pa kuingia, kinarudi kwako."

Gaudensia akajifuta uso kwa kanga, taratibu, mpaka ukakauka kabisa.

"Umelijua lini hili?"

"Nililishuku tangu wiki za mwanzo."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umeanza kula tena."

Gaudensia akaifunga kanga kiunoni. Pelagia alitegemea kupigwa kofi, na moyoni mwake alikuwa tayari kulipokea. Badala yake yule mama alimpita, akaingia ndani kwa hatua nzito, wenzake wakimfuata, akaketi kwenye kiti cha tatu na kuchomeka waya kisogoni kwa mkono wake. Akamwamuru Pelagia aufungue waya kwa kasi ya zamani, ile ya polepole, na asimguse Buku. Nataka kuzungumza na mume wangu, alisema, na wasiohusika wanaweza kuziba masikio.

Akafumba macho. Kwenye kioo kikapanda kinundu cha kwanza, kisha kingine, halafu vikaja vingi vikifuatana, virefu, vyenye ncha kali. Hakuna neno lililomtoka, lakini kila aliyekuwa mle ndani alielewa kwa kumtazama usoni. Gaudensia alikuwa akimfokea Vitalis. Alimfokea kwa kushuka Shimoni kumkagua Buku siku ile na homa yake mwilini. Alimfokea kwa kutomwambia mtu kwamba anaumwa, kwa kuondoka bila kuaga, kwa paa la jikoni ambalo aliliacha nusu, kwa kila kitu ambacho mke hawezi kumwambia maiti mbele za watu. Machozi yalimtiririka, na vidole vyake vilikuwa vimekaza mikono ya kiti.

Nyuma ya kila kinundu kilikuja kile kidogo. Umbo lile lile, ncha ile ile, hasira ile ile.

Mara akanyamaza. Mstari ukatulia. Akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango ambao haujagongwa.

"Huyu si Vitalis," akasema.

Akaachia mikono ya kiti.

"Nimeishi na yule mwanamume tangu nikiwa msichana. Nimemfokea mpaka majirani wakawa wanamwonea huruma. Hakuwahi kunirudishia hata siku moja. Nilikuwa nikimaliza, ananiuliza kama kuna chai." Akafumbua macho. "Huyu anafoka. Huyu ni mimi."

Pelagia akapiga magoti kando ya kiti na kumshika mkono, na mkono ule ulikuwa baridi. Gaudensia akavuta kamasi, akaangalia mwisho wa mstari, kwenye kiti cha Zefrini, ambako waya mkuu uliishia ndani ya kikopo kidogo cheusi.

"Na kile? Kwa nini pale mwangwi haurudi?"

"Kile ni kizibo, mama. Ndani yake mna rezista, kidude cha kukinza umeme, kinacholingana na waya. Kila waya wa namna hii lazima uwe na kizibo mwishoni. Kinapokea yote yanayofika, kinayamaliza ndani yake kwa joto kidogo. Hakirudishi kitu."

"Hakirudishi kitu," Gaudensia akarudia.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kilichochanganyika na kilio, na wenzake wakatazamana wakidhani amerukwa na akili.

"Basi mtu wangu mlimweka mahali pasipo pake," akasema. "Katikati ya nini? Vitalis hakuwahi kukaa katikati. Kila mkitoka Shimoni, nani alikuwa wa mwisho kupanda? Nani alihakikisha wote mmetoka ndipo yeye aingie kwenye lifti? Mpelekeni mwisho. Mpeni hicho kikopo akishike."

Pelagia akageuka kuutazama waya mkuu. Alikuwa na shahada ya mawimbi na alikuwa akihangaika na tatizo lile tangu asubuhi, na katika kichwa chake kulikuwa na njia mbili tu, kukata au kutokata. Sasa aliiona ya tatu waziwazi. Waya mkuu hautakiwi kuwa na matawi. Unatakiwa upite kwa kila mmoja kwa zamu yake, usiache ncha yoyote ikining'inia, na ufike mwisho mmoja wenye kizibo. Kiti kingeweza kubaki. Waya wa Vitalis ungeweza kubaki, wote, na bado ungefanya kazi kwenye waya mkuu kuliko ulivyowahi kufanya tangu afariki.

"Inawezekana," akasema, na sauti ikampasuka kwa furaha. "Mama, inawezekana kabisa."

4

Walikihamisha kiti wenyewe. Hakuna aliyetaka kukigusa kwanza, maana desturi ni desturi, mpaka Gaudensia aliposhika upande mmoja na kuuliza kama anategemewa kukibeba peke yake na mgongo wake huu. Lusambo akaruka kutoka kwenye ngazi, akashika upande wa pili. Wakakipeleka mpaka mwisho, baada ya Zefrini, na meneja akakifuta vumbi kwa mkono wa koti lake la gharama.

Pelagia akafungua kiungo, akaliondoa tawi, akafunga waya wa tatu na wa tano bila kuacha kitu katikati. Waya wa Vitalis akaupeleka mwisho na kuuunga baada ya Zefrini. Gaudensia akafungua kitambaa cheupe kwenye ncha, akakikunja, akakitia kifuani. Kisha akapokea kile kikopo cheusi, na kwa mikono yake mwenyewe akakisukuma kwenye ncha mpaka kikatoa mlio mdogo na kushika.

Sasa ilibaki kukilinganisha. Waya ulikuwa umerefuka na viungo vilikuwa vipya, kwa hiyo kizibo kilihitaji kurekebishwa kwa skrubu yake ndogo. Pelagia alituma wimbi la majaribio, akatazama kioo. Kinundu cha pili kilikuwepo, kidogo. Akageuza skrubu. Kikapungua. Akageuza tena, akazidisha, na kinundu kikatokea upande wa chini, kichwa chini miguu juu, ndiyo dalili kwamba kizibo kimekuwa laini kupita waya. Akarudisha skrubu kwa kiasi cha unywele. Akatuma wimbi.

Kinundu kimoja kilipanda na kushuka. Baada yake hapakuwa na kitu. Mstari ulinyooka hadi mwisho wa kioo.

Hospitalini mstari wa namna hiyo huliza ukoo mzima. Pelagia Nzowa aliutazama, akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu alfajiri, na akahisi kwamba angeweza kumbusu hata meneja.

"Ketini," akasema. "Twende tukawatoe."

Walichomeka. Pelagia akafungua waya kwa kasi yake yote, ile iliyoangusha nguzo, na roho zikawa mkononi. Alikuwa akimtazama Gaudensia. Kwa mara ya kwanza tangu masika yule mama alikuwa anaingia kwenye waya usio na mtu nyuma yake, na kama angejikaza, kama mishipa yake ingeogopa ule ukimya, yote yangekuwa bure. Gaudensia aliinua mkono wa tatu wa Buku. Akangoja ule mguso mdogo. Haukuja. Paji la uso wake likakunjamana kidogo, kisha likakunjuka, na kwenye kioo ukinzani wake haukusogea.

"Kweupe," alinong'ona. "Kama nyumba iliyofagiliwa."

Na Buku akaamka. Waliowahi kumwona akifanya kazi walikuwa wamezoea mnyama wa kusitasita, anayesogeza mkono, anasimama, anafikiri, anasogeza mwingine. Huyu alikuwa mwingine. Mikono minne ilipanda na kushika dari kwa pamoja, na mwamba uliposhtuka mikono ilishtuka nao, ikausindikiza, ikautuliza, kabla hata tetemeko dogo halijamaliza kupita. Mikono miwili iliyobaki ikaanza kuchimba. Mawe yalitoka moja baada ya jingine, makubwa yakipita juu ya mgongo wa Buku kutoka mkono hadi mkono kama matofali kwenye ujenzi wa jirani. Sita walikuwa mmoja. Zefrini, ambaye siku zote alihisi yuko nje kidogo ya wenzake kwa kuwa alikuja baadaye, alianza kutabasamu huku macho yamefumbwa, na tabasamu lile lile likapita kwenye nyuso zote sita.

Dari ilipasuka mara moja tu, kwa mlio uliofika juu. Lusambo akafunika uso. Lakini mkono wa tatu ulikuwa umekwisha kufika pale, ukaubeba uzito wote, ukashikilia. Gaudensia alikuwa amekunja taya, jasho likimchuruzika shingoni. Hakuna pigo lolote lililotoka bila kuagizwa.

Halafu jiwe moja likatolewa na nyuma yake pakawa na giza tupu, na ndani ya giza kukatokea mwanga wa tochi. Mwanga ukayumba. Mkono wa mtu ukapenya kwenye tundu, mweusi kwa vumbi, ukagusa kidole cha chuma cha Buku na kukishika kwa nguvu.

Waongozaji wote sita waliuhisi ule mkono kwa pamoja. Walilia kwa pamoja pia, na Pelagia naye akalia, ingawa hakuwa kwenye waya.

Walitoka mmoja mmoja kupitia katikati ya miguu ya Buku, wakitambaa, wakikohoa, wakiingia kwenye lifti ya dharura. Editha alikuwa wa mwisho. Alikuwa amewatanguliza wengine wote, na alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema ndivyo mzee Vitalis alivyokuwa akifanya. Baba yake alimpokea mlangoni mwa lifti na kumkumbatia, vumbi likajaa koti lake zima, na kelele za watu zilizolipuka pale nje zilisikika mpaka barabara kuu. Mtu akaanza kupiga ndoo. Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele. Zefrini alibebwa juujuu, akilalamika kwamba wamemwachia waya kisogoni.

Pelagia aliporudi chumbani, alikuta viti vyote ni vitupu ila kimoja. Gaudensia alikuwa bado ameketi, amechomeka, macho amefumba. Kwenye kioo kinundu kilipanda, kikafuatiwa na kingine, virefu, vyenye ncha kali. Baada ya kila kimoja mstari ulinyooka.

Pelagia akasogea, akauliza kwa upole kama yuko salama.

"Niko salama. Namfokea."

"Kwa lipi tena, mama?"

"Lile paa la jikoni. Na watu wanasherehekea, yeye kakaa kule mwisho kama kawaida yake."

Pelagia alitazama kile kikopo cheusi kwenye kiti cha Vitalis. Kilikuwa na joto kidogo alipokigusa.

"Anasemaje?" akauliza.

Gaudensia akafumbua macho, yakiwa yamejaa machozi, akacheka.

"Hasemi kitu," akasema. "Sasa ndiye."